Unene wa waya wa ekstensheni si kipimo cha usalama

Kuna ujumbe hauishi kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, Unguja na Pemba: nunua ekstensheni yenye waya mnene, itabeba friji, pasi na birika kwa pamoja. Si kweli. Unene unaouona ni wa plastiki. Umeme hupita kwenye shaba iliyo ndani, na plastiki ni ya bei rahisi kuliko shaba, kwa hiyo waya nono unaweza kuficha shaba nyembamba kabisa.

Soma maandishi kwenye ganda lake. Palipoandikwa 3 × 0.75, ndani mna waya tatu, kila mmoja wa milimita za mraba 0.75, huo hubeba takriban ampea 6 (ampea ni kipimo cha umeme unaopita kwenye waya). Wa 1.25 hufika 13. Kwa volti 230, ampea 6 ni wati 1,380 tu, na birika peke yake mara nyingi hupita 2,000. Usio na maandishi, uache dukani.

Mkanganyiko unaeleweka: shaba nene kweli hubeba zaidi. Tena vitabu vya viwango vya usalama mara nyingi huuzwa, ilhali ujumbe ni bure. Lakini namba iliyo kwenye ganda la waya nayo husomwa bila malipo. Ukiletewa ujumbe huo, usiusambaze. Mwambie kwa upole aliyekuletea aangalie ganda la waya wake.