4,294,967,297: Namba Iliyompiga Chenga Fermat

Namba hii ni 2³² + 1. Kwa macho ina kila dalili ya namba tasa, na ndiyo maana imedanganya wengi.

Dhana: Ikigoma kugawanyika kwa namba ndogo, basi ni tasa.
Inaishia na 7, kwa hiyo 2 na 5 hazimo. Jumla ya tarakimu zake ni 59, basi 3 nayo haimo. Jaribu 7, 11 na 13: zote zinaacha baki. Wengi huchoka hapo na kutoa hukumu. Kumbe ni 641 × 6,700,417. Ukizijaribu tasa kwa mpangilio kuanzia 2, hiyo 641 ni ya 116.

Dhana: Kanuni ikikubali mara tano mfululizo, imethibitika.
Hapo ndipo alipoteleza Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa aliyependa hesabu. Mpe 2 vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16, kisha ongeza 1 kila mara: unapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Tasa tupu! Mwaka 1640 aliamini kwamba mtiririko huo hautakatika. Uthibitisho hakuwa nao. Kipeo kinachofuata ni 32, na mwaka 1732 Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, akaonyesha kuwa hapo unakatika.

Dhana: Euler alibahatisha, au alikesha akigawanya.
Wala. Baadaye alieleza siri yake: kigawo tasa chochote cha namba hii lazima kiache baki 1 kikigawanywa kwa 64. Kwa sharti hilo, tasa za kujaribu zinakuwa 193, 257, 449, 577, halafu 641. Ya tano tu!

Hata kugawanya kwenyewe unaweza kukukwepa. 641 ni 5 × 2⁷ + 1, na pia ni 5⁴ + 2⁴. Kwa sura ya kwanza, 5 × 2⁷ imepungukiwa 1 tu kuifikia 641, hivyo ukiipa kipeo cha 4, yaani 5⁴ × 2²⁸, baki yake kwa 641 ni 1. Kwa sura ya pili, 5⁴ inaweza kushikiwa nafasi na −2⁴. Basi −2³² nayo inaacha baki 1, yaani 2³² + 1 inagawanyika kwa 641 bila baki. Kwangu mimi, huu ni ufundi mtamu kuliko jibu lenyewe.

Dhana: Hiyo si ndiyo idadi ya anwani za intaneti za IPv4 (toleo la nne la mfumo wa anwani za intaneti)?
Hizo zimepungua moja: 4,294,967,296. Hiyo haina kigawo tasa ila 2. Jirani yake hana 2 hata moja.

Dhana: Ukijua namba si tasa, lazima unavijua vigawo vyake.
Chukua 2 kwa kipeo cha 1,048,576, ongeza 1. Ni ya familia hiyohiyo ya Fermat, ina tarakimu 315,653, na imethibitishwa kuwa si tasa. Kigawo chake hakuna aliyekitia mkononi.