Je, wajua kwa nini nyumba ya ufukweni inazeeka haraka kuliko ya Kimara, mbali na bahari?

Watu wengi wakiota nyumba ya bichi wanaanza na picha, vioo toka chini mpaka juu, swimingi puli inaonekana kama imeungana na bahari, veranda ya makuti. Poa. Ila zunguka Mbezi Beach au Kunduchi, pwani ya Dar, uangalie majumba ya zamani kidogo, utakuta kwenye lenta, ile boriti ya zege juu ya milango na madirisha, kuna ufa umenyooka kama umepigwa rula, plasta imevimba, ukigonga na funguo inalia tupu, na chini yake mstari wa kahawia unashuka kama mtu kamwaga chai. Ramani hiyohiyo ukiijenga Kimara inakaa vizuri tu. Sasa nini kinatokea?

Chumvi. Na wala si lazima mawimbi yakufikie ukutani, wimbi likipasuka linarusha vitone vidogo mno, upepo unavibeba, iwe kusi iwe kaskazi. Pangusa kioo asubuhi, jioni unaandika jina lako kwa kidole.

Halafu hiyo chumvi haikauki. Si unajua kichupa cha chumvi mezani Dar kinavyoganda mpaka watu wanatia punje za mchele? Ndo hivyohivyo. Unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 75 chumvi inaanza kunywa maji hewani yenyewe, na pwani usiku kufika hapo ni kitu cha kawaida, kwa hiyo nyumba yako ni kama imepakwa maji ya bahari na hakuna wa kuifuta.

Zege likiwa jipya lina alkali nyingi, na hiyo alkali inaivalisha nondo ngozi nyembamba inayoizuia isishike kutu. Chumvi inapenya taratibu kwenye vitundu vya zege, miaka inapita, ikifika kwenye nondo inatoboa ile ngozi. Kutu nayo inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, mara mbili mpaka sita, zege halitanuki, linapasuka, na chumvi sasa imepata mlango. Ndo maana ule ufa umenyooka, unafuata nondo iliyolala ndani.

Mbaya zaidi ni pale chumvi tunapoiweka wenyewe. Mchanga wa ufukweni uko hapohapo, bure, na kisima kiko hapohapo. Kuna saiti nilikuwa nasimamia, fundi ananiambia bosi haya maji mbona tunaoshea vyombo, nikaonja, nikatema. Tukaleta boza, mwenye nyumba akanuna kuhusu gharama wiki nzima. Na kitu kingine kinachodharauliwa ni biskuti, vile vitofali vidogo vya kuinua nondo isigusane na ubao. Bara unaweza kwenda na milimita 25 za zege linaloifunika nondo, ila ukiwa unaitazama bahari weka 50 au zaidi, na usikubali fundi akuwekee kokoto badala ya biskuti, vibrata, ile mashine ya kutikisa zege, ikipita tu kokoto inateleza na nondo inalala chini.

Sasa hapa ndo pananifurahishaga. Nenda Kilwa Kisiwani, kuna Husuni Kubwa, jumba la sultani la karne ya 14 juu ya mwamba unaoangalia bahari, vyumba zaidi ya 100 na bwawa la kuogea la pembe nane. Yaani vila ya bichi kabisa, puli ipo. Ni gofu siku hizi, lakini kuta bado unaziona baada ya miaka kama 700, maana ni matumbawe na chokaa, ndani hamna nondo ya kuvimba. Ila chokaa na boriti za mikoko havikupi ile sebule pana isiyo na nguzo, vyumba vya wazee wetu vilikuwa vyembamba kwa sababu boriti haivuki mbali.

Vitasa na bawaba, usidanganyike na neno stenlesi. Ile ya kawaida, 304, pwani inatoka madoadoa ya kutu, omba 316, imeongezewa molibdenamu inayopambana na chumvi. Bei inauma.

Na umbali je? Sheria ya mazingira ya Tanzania ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, watu wanaona inawanyima mwonekano wa bahari, lakini waulize wazee wa Kunduchi kuhusu hoteli ya Africana iliyoliwa na bahari. Ukuta wa kuzuia maji nao una vituko vyake, wimbi likigonga ukuta linarudi na nguvu linachimba mchanga wa mbele, ufuo uliolipia hela zote hizo unapungua, wako na wa jirani.

Ukishahamia, weka bomba la maji yasiyo na chumvi nje na mpira mrefu, uoshe madirisha na AC kila wiki, mvua inyeshe isinyeshe.