Maana ya etimolojia ya watu, kwa mfano wa majina ya bandari za Ufilipino

Etimolojia ni taaluma ya kutafuta neno limetoka wapi na limepitia mabadiliko gani hadi kufikia umbo lililo nalo leo. Etimolojia ya watu ni jambo jingine: ni maelezo ambayo wasemaji wenyewe wameyatunga pale jina la kale lilipoacha kueleweka, kwa kulihusisha na neno jingine linalolingana nalo masikioni, na mara nyingi kwa kulijengea kisa. Anayesimulia kisa hicho hakusudii kumdanganya mtu, maana naye amekipokea kwa waliomtangulia. Kasoro yake ni kwamba mfanano wa sauti peke yake hauthibitishi kitu. Miji ya bandari ya Ufilipino inaifafanua dhana hii vizuri kwa sababu majina yake yalitolewa na wenyeji katika lugha zao, yakaandikwa na Wahispania ambao herufi na masikio yao yalizoea lugha nyingine, kisha yakarithiwa na vizazi ambavyo havikuona tena kile kilichotajwa na jina.

Tuanze na Manila. Maelezo yanayosikika zaidi ni kwamba jina hilo, ambalo kwa Kitagalogi, lugha ya wenyeji wa hapo, ni Maynila, limetokana na may nilad, yaani "penye nilad", na nilad ni kichaka cha maeneo ya mikoko chenye maua madogo meupe. Maelezo haya yamekolea kiasi kwamba moja ya kampuni zinazosambaza maji katika jiji hilo inaitwa Maynilad. Nusu ya maelezo ni kweli, kwa kuwa may ni neno la Kitagalogi linaloonyesha kuwepo kwa kitu mahali fulani. Shida iko kwenye ile d ya mwisho. Wasemaji wa Kitagalogi hawana desturi ya kuidondosha d mwishoni mwa neno: bukid, yaani shamba, na likod, yaani mgongo, yana d zake mpaka leo, na nilad lenyewe halijawahi kuwa nila. Isitoshe, Wahispania waliofika hapo mwaka 1570, na ambao chini ya Miguel López de Legazpi waliuanzisha rasmi mji wao tarehe 24 Juni 1571, waliliandika jina bila d.

Kwa hiyo maelezo yenye nguvu zaidi ni may nila, ambapo nila ni mmea unaotoa rangi ya buluu iliyokoza. Neno hilo asili yake ni Kisanskriti, nalo lilifika visiwani pamoja na maneno mengine mengi kutoka India kabla Wahispania hawajaonekana. Msomaji wa Kiswahili ana kila sababu ya kutabasamu hapa, kwa kuwa nili yetu, ile rangi ya buluu ya kutilia nguo, inatokana na neno hilohilo, ila lenyewe lilielekea magharibi likapitia Uajemi na Uarabuni. Hata hivyo mtu asidhani kwamba Manila iliitwa hivyo kwa sababu ya biashara ya rangi. Jina ni kongwe kuliko biashara hiyo, na linachotaja ni mimea iliyoota mahali pale.

Mfano wa Cagayan de Oro, bandari iliyoko kaskazini mwa kisiwa cha Mindanao, ni wazi zaidi. Huko kuna kisa kwamba jina limetokana na neno la wenyeji lenye maana ya "mahali pa aibu", na kisa chenyewe kinazungumzia uadui wa makundi mawili, vita iliyotarajiwa, na fedheha iliyobaki baada yake. Ni kisa kizuri cha kusimulia jioni. Lakini jina Cagayan halipo Mindanao peke yake: liko kaskazini kabisa mwa kisiwa cha Luzon kama jina la mkoa na la mto mkubwa, na liko pia katika visiwa vidogo vya bahari ya Sulu. Ingekuwa ajabu aibu ileile iwapate watu wa sehemu zilizo mbali kiasi hicho, tena kila mahali iache jina lilelile. Wanaisimu wanalihusisha jina na neno la kale sana la lugha za visiwa hivyo lenye maana ya mto, ambalo kwa Kiilokano cha kaskazini mwa Luzon bado linatumika kwa umbo la karayan. Tofauti ya r na g katika maumbo hayo mawili si ya kubahatisha, kwa sababu lugha za Ufilipino zina jozi nyingi za maneno ambamo lugha moja ina r pale nyingine ilipo na g. Sehemu ya pili ya jina, "de Oro", yaani "ya dhahabu", haina fumbo lolote: iliongezwa mwaka 1950 kwa pendekezo la mwanasiasa Emmanuel Pelaez, mji ulipopewa hadhi ya jiji.

Kwa maoni yangu, kosa kubwa la etimolojia ya watu katika miji hii ni kulitafuta jina nchi kavu, katika vita na mapenzi na wafalme, ilhali bandari ilipewa jina na mtu aliyekuwa ndani ya chombo. Mtu huyo alihitaji kujua ufuo una umbo gani, maji yana kina gani na kamba itafungwa wapi. Iloilo, kwa mfano, zamani iliitwa Irong-irong. Irong katika lugha za eneo hilo ni pua, na neno likirudiwa linaleta maana ya kitu kilicho kama pua, sawasawa na ulimi wa ardhi uliochomoza kati ya mito pale mji ulipojengwa. Bandari hiyo ilifunguliwa kwa biashara ya dunia mwaka 1855 na ikatajirika kwa sukari, lakini hakuna chochote cha sukari katika jina lake.

Cebu nayo kwa wenyeji ni Sugbo. Kundi la baharia Magellan, lililotumwa na Uhispania, lilipotia nanga hapo tarehe 7 Aprili 1521, mwandishi wake Antonio Pigafetta aliliandika jina kwa umbo la Zubu, na baadaye kalamu ya Kihispania ikaliviringa hadi likawa Cebu. Maana inayotajwa sana ya sugbo ni kutembea ndani ya maji mafupi, kama anavyofanya abiria ambaye chombo chake hakiwezi kufika ufukweni, akakunja nguo na kumalizia safari kwa miguu. Pembeni yake kuna kisa cha mtawala Sri Lumay, aliyeuchoma moto mji wake ili kuwafukuza wavamizi, na jina linaelezwa kuwa linakumbuka kuungua huko. Kisa hicho kinaegemea neno sugba, kuchoma chakula juu ya makaa, ambalo kweli limo katika Kisebuano ila ni neno jingine.

Zamboanga, kusini magharibi, ina mgongano wa aina hiyohiyo. Jiji linajiita mji wa maua, na watu wengi wanaamini jina limetoka katika neno la Kimalei jambangan, ambalo linahusu chombo cha kuwekea maua. Wasama ni watu wa bahari ambao wengi wao waliishi ndani ya mashua maisha yao yote, nao wana neno samboang, yaani nguzo inayochomekwa majini ili chombo kifungwe. Kiambishi -an kikiongezwa mwishoni kinaleta maana ya mahali, kama -ni yetu katika kisimani au gatini, na jina linakuwa Samboangan, pa kufungia vyombo. Mlango wa bahari uliopo hapo una mikondo mikali, na Wahispania waliujengea ngome mwaka 1635 kwa sababu vyombo vilipita na kutua papo hapo. Nguzo inaeleza mengi kuliko maua.

Kisa cha watu si lazima kiwe batili chote. Kuhusu Vigan, mji wa Luzon uliokuwa ukifikiwa kwa mto kutoka baharini, husimuliwa kwamba Mhispania aliuliza jina la mahali, mwenyeji akadhani anaulizwa jina la mmea, akajibu bigaa. Kisa cha mgeni na mwenyeji wasioelewana kinasimuliwa kuhusu miji mingi mno duniani, kwa hiyo sikiamini. Lakini mmea wa bigaa, wa jamii ya magimbi na wenye majani mapana, upo kweli na hupenda kingo za mito. Kubadilika kwa b kuwa v kunaeleweka pia, kwani Kihispania hakitofautishi sauti hizo mbili. Inawezekana kabisa mmea ukawa ndio asili, na mazungumzo yale yakawa pambo lililoongezwa baadaye.

Uandishi huohuo wa Kihispania ndio uliozaa jina Cavite. Kwa Kitagalogi ni kawit, kulabu, nayo ni picha halisi ya ardhi iliyojipinda kuingia katika Ghuba ya Manila, ambako majahazi makubwa ya Wahispania yaliundwa na kukarabatiwa. Kihispania hakikuwa na w, kwa hiyo ikawekwa v. Tena hakikupenda neno liishie kwa t, kwa hiyo ikaongezwa e. Mji jirani uliitwa Cavite el Viejo, yaani Cavite ya kale, na ndipo uhuru wa Ufilipino ulipotangazwa tarehe 12 Juni 1898. Baadaye mji huo ulirudia jina la Kawit, lakini jiji na mkoa vilibaki kuwa Cavite, kwa hiyo ramani ya leo ina kulabu mbili zinazotazamana, moja kwa tahajia ya mabaharia wa Kitagalogi na nyingine kwa ile ya makarani wa Kihispania.