Kiharusi na MRI: Tuambieni Mgonjwa Alionekana Mzima Saa Ngapi

Kila inapokaribia Siku ya Kiharusi Duniani, tarehe 29 Oktoba, lalamiko hili hurudi kitengo cha radiolojia: mgonjwa alipigwa CT-scan (picha ya eksirei kwa kompyuta) akaambiwa haonekani na kitu, kesho yake MRI (picha ya kutumia sumaku) ikaonesha kiharusi. Mara nyingi hakuna aliyekosea. Mshipa wa damu wa ubongo ukiziba, CT-scan ya saa za mwanzo inaweza isioneshe chochote. Kazi yake kubwa wakati huo ni kuangalia kama damu imevujia kwenye ubongo.

Kinachowahi kuona ni picha ya mtawanyiko, sehemu ya MRI inayofuatilia mwendo wa molekuli za maji. Seli iliyokosa damu huishiwa nguvu, huvuta maji na kuvimba, na maji hayo hubanwa yasitembee. Ndani ya dakika chache eneo hilo huanza kung'aa jeupe. Kuipiga huchukua dakika moja au mbili, bila sindano ya dawa.

Faida yake kubwa ni kwa aliyelala mzima akaamka amepooza. Zamani alikosa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwa kuwa kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu kiharusi kianze, na saa hiyo ya kuanza haikujulikana. Utafiti wa WAKE-UP, uliochapishwa 2018, ulionesha njia: eneo likiwa limeng'aa kwenye picha ya mtawanyiko lakini bado halijajitokeza kwenye ile ya FLAIR (picha nyingine ya MRI, inayochelewa kuonesha kiharusi), yaelekea kiharusi ni kichanga, na dawa inaweza kumsaidia.

Kwa hiyo mdomo ukipinda ghafla au mkono ukilegea, msimkande mafuta mkingoja kukuche. Si jini. Mleteni, na mtuambie mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi.

Na MRI haina mionzi ya eksirei. Hatari yake ni sumaku, ambayo haizimwi hata chumba kikiwa kitupu. Ndiyo maana kuna fomu ya usalama, na isipojazwa kipimo hakifanyiki. Vueni heleni, pini za ushungi, wigi lenye vibanio, hata hirizi iliyofungwa kwenye bati. Anayeingia na mgonjwa naye hujaza fomu. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, au klipu kwenye mshipa wa ubongo, aje na kadi yake. Bila kadi, lazima kwanza tutafute ni kifaa cha aina gani, na hapo saa zinakwenda.