Chapa ya mbao: kazi za watu kwa nyeusi na nyeupe

Chapa ya mbao ni picha inayopatikana kwa kuchonga ubao bapa, kuupaka wino juu, kisha kuulazia karatasi na kuisugua. Palipochongwa panabaki peupe, palipoachwa panatoka peusi. Kijivu hakipo; anayekitaka hupanga mistari myembamba iliyokaribiana, jicho likaichanganya lenyewe. Isichanganywe na Tingatinga: kule ubao uliopakwa rangi ndio picha, huku ubao ni kifaa, na unaweza kutoa mamia ya nakala. Urahisi huo wa kuzalisha nakala ndio uliowavutia waliotaka kuonyesha maisha ya wafanyakazi, kama Käthe Kollwitz wa Ujerumani na Frans Masereel wa Ubelgiji.

Kukosa rangi kunasaidia. Mchukue mbeba magunia wa soko la Kariakoo, Dar es Salaam. Kwenye picha ya rangi, macho hukimbilia fulana yake na mabango ya maduka. Kwenye chapa hayo yote yanamezwa na weusi, kinabaki kiwiliwili kilichoinama na mkono uliokaza. Mistari ya mgongoni ifuate misuli inavyovutwa na uzito, si mikunjo ya shati. Ikienda ovyo, gunia la kilo 100 litaonekana limejaa pamba.

Kifaa cha kazi nacho kinahitaji nafasi. Muuza samaki wa soko la Feri anayeparua magamba, kisu chake kikichorwa mbele ya tumbo jeusi, kinapotea. Kisogeze pembeni, kikae juu ya weupe, na kazi itatambulika hata ukiitazama picha kutoka ng'ambo ya chumba.

Kwa kuanzia inatosha plaiwudi laini ya milimita 6 hadi 9 isiyo na vifundo, iliyopigwa msasa. (Mpingo waachie wachonga vinyago, ni mgumu mno.) Mchoro hupelekwa kwenye ubao ukiwa umegeuzwa. Ukisahau, maandishi yatasomeka kinyume na seremala wa Keko atashika nyundo kwa kushoto. Kisu hutangulia kukata ukingo wa mstari, ndipo bobari (patasi yenye makali ya mviringo) ikaondoa mbao iliyo kando. Kina cha milimita 2 kinatosha penye mistari; kwenye uwazi mpana ongeza kidogo, maana rola ya kupakia wino hudumbukia humo na kuacha madoa. Mstari mwembamba unaokatiza nyuzi za mbao humeguka upesi, kwa hiyo vidole na kamba viachwe vinene kuliko unavyodhani.

Wino wa mafuta utandazwe kwa rola ya mpira, tabaka jembamba, mara kadhaa. Ukizidi unaziba mistari, na misuli yote ya yule mbeba gunia inageuka doa. Karatasi isuguliwe kwa mgongo wa kijiko kuanzia katikati kwenda kingo, huku ukiinua pembe moja kukagua. Nakala za mwanzo huwa hafifu kwa sababu mbao inanyonya mafuta. Usikimbilie kuchonga upya. Kwa unyevu wa Dar, hasa wakati wa masika, wino huchelewa kukauka, basi nakala zitundikwe kwenye kamba, zisirundikwe.

Uso uchongwe mwisho. Kilichoondolewa hakirudi, na wanaoanza huchimba macho na meno hadi mtu anaonekana anacheka chini ya mzigo. Mara nyingi mkato mmoja wa mwanga kwenye taya unatosha.