Makanisa ya Ujerumani chini ya Hitler: dhana potofu na ukweli

Mazungumzo kuhusu Ukristo na Unazi huvutwa pande mbili, wengine wakitaka kuutwisha Ukristo mzigo wote na wengine wakitaka kuutakasa kabisa. Pande zote mbili hupita kando ya jambo moja zito: katika sensa ya mwaka 1939, iliyofanywa na serikali ya Hitler yenyewe, takriban Wajerumani 95 katika kila 100 waliandikishwa kuwa Waprotestanti au Wakatoliki.

Dhana: Hitler alikuwa Mkristo aliyetekeleza imani yake.

Ni kweli kwamba alibatizwa Mkatoliki na hakujitoa rasmi, na kwamba ibara ya 24 ya mpango wa chama chake wa mwaka 1920 ilitaja "Ukristo chanya". Lakini ibara hiyohiyo ilikubali uhuru wa dini mradi tu zisihatarishe dola wala kukwaza maadili ya mbari ya Kijerumani, maana yake mbari ndiyo iliyokuwa mizani ya imani. Mwaka 1941 Martin Bormann, mtu wa karibu kabisa na Hitler, aliwaandikia viongozi wa chama kwamba Unazi na Ukristo haviwezi kupatana.

Dhana: Wanazi walikuwa wapagani, kwa hiyo makanisa hayahusiki.

Heinrich Himmler, mkuu wa kikosi cha SS, na Alfred Rosenberg, mwananadharia wa chama, waliuchukia Ukristo waziwazi, lakini katika sensa hiyo ya 1939 waliojiandikisha kuwa waamini wa Mungu nje ya makanisa hawakufika hata 4 katika kila 100. Ndani ya Kanisa la Kiprotestanti lilikuwapo kundi la Wakristo wa Kijerumani, ambalo lilishinda uchaguzi wa kanisa wa Julai 1933 kwa msaada wa Hitler na kumpata Ludwig Müller kuwa Askofu wa Dola. Novemba mwaka huo, mbele ya umati katika ukumbi wa Sportpalast mjini Berlin, msemaji wao Reinhold Krause alidai Agano la Kale litupwe. Mwaka 1939 ilifunguliwa taasisi mjini Eisenach kwa ajili ya kuondoa kila kilichoitwa athari ya Kiyahudi katika kanisa, na mwaka uliofuata ikatoa Agano Jipya lililokatwakatwa kwa shabaha hiyo.

Kuna jambo la kawaida zaidi, na kwa maoni yangu ndilo linalouma kuliko yote. Sheria ya Aprili 1933 ilimtaka mtumishi wa serikali athibitishe kwamba hana hata babu au bibi mmoja Myahudi. Uandikishaji wa kiserikali wa vizazi ulikuwa umeenea Ujerumani nzima mwaka 1876 tu, hivyo habari za mababu zilipatikana kwenye madaftari ya ubatizo. Makarani wa parokia na wachungaji wakaketi, wakafunua kurasa za zamani, wakanakili majina na kugonga mihuri. Pale ambapo daftari lilionyesha kwamba bibi fulani alibatizwa akiwa mtu mzima kutoka dini ya Kiyahudi, ubatizo wenyewe uligeuka ushahidi dhidi ya mjukuu wake.

Dhana: Makanisa yalisimama pamoja kumpinga Hitler.

Vatikani ilitia saini mkataba na serikali yake tarehe 20 Julai 1933, ingawa mwaka 1937 waraka wa Papa Pius XI ulisomwa makanisani Jumapili ya Matawi ukilalamikia uvunjaji wa mkataba huo na kukemea kuabudu mbari. Kwa upande wa Waprotestanti, Tamko la Barmen la Mei 1934, lililotolewa na waliowapinga Wakristo wa Kijerumani, lilikataa kwa ujasiri dola kujifanya bwana wa kanisa, lakini halikusema neno juu ya Wayahudi. Mchungaji Martin Niemöller, mmoja wa viongozi wa upinzani huo, aliyekaa kizuizini tangu 1937 hadi 1945, alikuwa amekipigia kura chama cha Nazi kabla ya kugeuka. Askofu Mkatoliki von Galen wa Münster alihubiri Agosti 1941 dhidi ya mauaji ya wagonjwa na walemavu, ambayo yalikuwa yamekwisha kuua zaidi ya watu 70,000. Mauaji hayo kwa gesi katika vituo maalumu yakasitishwa mwezi huohuo, yakaendelea kwa njia nyingine. Kwa ajili ya Wayahudi von Galen hakupanda mimbarini vivyo hivyo.

Dhana: Hakuna aliyesema.

Hii nayo inawadhulumu wachache. Padri Bernhard Lichtenberg aliwaombea Wayahudi hadharani katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Hedwig, Berlin, akakamatwa 1941 na kufa Novemba 1943 akiwa njiani kupelekwa Dachau, kambi iliyofunga zaidi ya watumishi wa kanisa 2,700, wengi wao mapadri wa Poland. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kiprotestanti aliyempinga Hitler, alinyongwa katika kambi ya Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945.

Oktoba 1945 viongozi wa Kiprotestanti walikiri hatia yao mjini Stuttgart bila kuwataja Wayahudi. Wayahudi walitajwa na sinodi, yaani mkutano mkuu wa kanisa hilo, ya Berlin-Weissensee, Aprili 1950.