Taya limenywea, mtoto bado hajapona

Kuna siku wodini kwetu ambayo wazazi huifurahia na sisi huiogopa. Mtoto aliletwa taya limevimba hadi meno yanalegea. Amepata dozi ya kwanza ya kemo, yaani dawa za kuua saratani, labda na ya pili, na uvimbe umenywea. Anakula ugali, anamchokoza mwenzake wa kitanda cha jirani. Mama anapiga simu nyumbani: "Amepona." Baba anajibu kuwa mahindi yamekomaa na hakuna wa kuvuna, basi rudini. Wakija tena baada ya miezi miwili, mara nyingi ugonjwa umerudi na dawa zile zile hazifui dafu.

Ugonjwa huo ni saratani iitwayo limfoma ya Burkitt. Jina linatokana na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyeandika mwaka 1958 habari za uvimbe wa taya kwa watoto wa Uganda. Huonekana zaidi kwenye maeneo yenye malaria nyingi, kama kandokando ya Ziwa Victoria na kwetu Pwani, na virusi vya Epstein-Barr vina mkono wake humo. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Lakini chembe zinazozaliana upesi hivyo ndizo pia zinazouawa upesi na dawa, ndiyo maana wazazi huona kama muujiza. Zinazobaki hazionekani kwa jicho wala hazigusiki kwa mkono, na nyingine hujificha kwenye maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Dawa nyingi za dripu hazifiki huko vya kutosha, kwa hiyo tunaiingiza dawa kwa sindano ya mgongoni. Nayajua maneno ya mtaani kwamba sindano hiyo hupoozesha. Huchomwa chini kiunoni, pale ambapo uti wenyewe, ule wa mishipa ya fahamu, umeshakwisha. Kinachotolewa ni maji.

Kwa Burkitt matibabu ni ya miezi kadhaa. Kwa saratani ya damu inayowapata watoto wengi zaidi ni miaka 2 hadi 3, na sehemu kubwa ya muda huo mtoto anaonekana mzima kabisa. Hapo ndipo familia inapochoka. Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30. Kuchelewa kufika hospitali na upungufu wa dawa vimo kwenye pengo hilo. Kuacha matibabu katikati pia kumo.

Sisi tunajua sana kukaa vikao. Harusi ya mpwa inakaliwa vikao sita, ina mwenyekiti, ina mweka hazina, ina daftari la ahadi. Mtoto akipata saratani hatukai hata kimoja. Tunamwachia mama na begi lake. Naomba familia ikae kikao kabla ya dozi ya pili. Nani atalipa nauli ya kila mzunguko, nani atampokea mama walau siku tatu akalale kwake, nani atavuna, watoto waliobaki watakaa kwa bibi au kwa shangazi. Baba awepo, na babu pia kama yeye ndiye mwenye kauli ya mwisho. Anayeamua "rudini" sharti awe amemsikia daktari kwa masikio yake.

Kwenye kikao hicho hicho lile suala la "ugonjwa huu umetoka upande wenu" limalizwe. Saratani nyingi za watoto hazitokani na jambo ambalo mzazi alifanya au hakufanya, na hairithiwi kwa wengi wao. Saratani ya jicho, ile ya mboni kung'aa nyeupe kama jicho la paka, ndiyo ambayo kwa baadhi ya familia hurithiwa, kwa hiyo ndugu zake wapelekwe wakapimwe macho. Wala saratani haiambukizi. Mtoto ale sahani moja na wenzake.

Sasa homa. Nyumbani homa ni malaria, na dawa ya malaria iko duka la jirani. Kwa mtoto aliye kwenye kemo hesabu ni nyingine. Takriban siku ya 7 hadi ya 14 baada ya dozi, chembe nyeupe za damu hushuka, na bakteria wa kawaida wanaweza kumuua ndani ya saa chache. Kipimajoto kikifika 38, ondokeni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Mkifika kituo chochote, neno la kwanza liwe: "Mtoto huyu yuko kwenye kemo." Msimpe panadoli kwanza ili kusubiri kuche, itaficha homa bila kugusa maambukizi. Asipewe aspirini wala diklofenaki, maana chembe za kugandisha damu nazo zimeshuka. Na kama mnampa miti shamba, semeni. Hatutawafukuza. Tunahitaji kujua, kwa sababu baadhi hulichosha ini ambalo tayari lina kazi ya kuchakata dawa zetu.

Mtoto mwenyewe aambiwe. Wa miaka mitano anatosheka na "una uvimbe, dawa hii inaufukuza, nywele zitanyonyoka kisha zitaota tena." Wa miaka kumi na miwili ameshasikia kila kitu kwa wenzake wodini, na mkinong'ona nje ya mlango anajua. Na yule aliyebaki kwa bibi msimsahau. Wako wanaoamini kaka ameugua kwa sababu waligombana naye. Mpigieni simu, aongee na mgonjwa.

Kama tarehe ya kliniki imeshawapita, iwe kwa wiki moja au miezi mitatu, njooni hivyo hivyo. Wengi hukaa nyumbani kwa kuogopa kugombezwa, na kila siku inayopita inampunguzia mtoto nafasi. Nauli ikikosekana, pigeni simu wodini na ombeni kuongea na afisa ustawi wa jamii.